Kupuliza Jiko

Mume wangu Kajetani ni mtu mwema, ila ana haraka ya ajabu. Kwa Devota, mtoto wetu wa kwanza, alinifikisha hospitali njia imefunguka sentimita mbili tu. Nikalazwa, nikatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, nikaongezewa njia, nikashonwa. Wiki tatu nilikalia upande mmoja. Nikaapa kwamba wa pili siendi mapema.

Kliniki, Sista Suzana alitwambia twende uchungu ukija kila baada ya dakika tano, au chupa ikipasuka, au nikiona damu. Kajetani alitikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kufunga begi: khanga, pamba, wembe, na glavu za kununua, maana miaka ile ulikwenda na vyako. Pikapu ya jirani yetu Egidi ilikaa mlangoni kwetu Bombambili tangu Jumatatu.

Alhamisi asubuhi uchungu ukaanza. Nikaufyata. Kila ulipokuja niliinama nikapuliza jiko mpaka upite. Kajetani alikuwa barazani anachambua mashati yake ya mitumba ya kuuza.

"Mama Devota, hilo jiko lina nini leo?"

"Mkaa umelowa, Baba Devota."

"Haya."

Nilimcheka moyoni. Kufika saa saba nikaanza kukasirika. Mwanamume gani huyu, mkewe anatiririka jasho naye anapapasa mashati!

Saa nane ukanikamata, pumzi ya kupuliza nikaikosa, nikashika ukuta. Kuinua kichwa, begi liko begani kwake na pikapu inanguruma.

"Twende. Sasa ni dakika tano."

Sista Suzana alinipima akacheka. "Sentimita nane! Leo umekuja kuzaa, hukuja kulala." Hakuna aliyeulizia dripu. Kabla ya saa kumi Pankrasi alikuwa kifuani kwangu analia.

Jioni Kajetani alileta uji.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Jiko lile lilizimika tangu chai ya asubuhi, mama."

"Na ukanyamaza?"

Akamwaga kitandani vifungo vya mashati, rundo zima. "Kila ulipoinama nilitazama saa nikakata kimoja, mikono isikimbilie begi."

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Mashati saba yalibaki wazi, hayauziki. Niliyashona mwenyewe wiki ileile, nimekaa sawasawa.