Mstari wa Mkwe

Yudith alifika kwenye ofisi ya kijiji kabla umande haujakauka, akakaa chini kando ya ukuta, miguu ameinyoosha mbele. Ilikuwa mara ya nne kuja kuomba kibali. Jua lilikuwa limekwisha kuchoma bati ndipo mwenyekiti Melkizedek alipotokea na baiskeli yake. Yudith aliinuka akamwamkia shikamoo, mtu wa umri wa kuwa mwanawe, naye akaitika marahaba bila kumtazama.

Alichotaka ni siku mbili tu, moja ya kupanda mlima na moja ya kushuka. Kule juu walikotolewa wakati wa Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini lilibaki kaburi la mumewe, Gabrieli, aliyezikwa mwezi mmoja kabla malori hayajaja. Kwao kaburi hufyekwa kila masika yanapokwisha, na mjane hufyeka kwa mkono wake mwenyewe, hatumi mtu. Masika mawili yalikuwa yamepita. Kila alipoinama kuchota maji alijiuliza majani yamefika wapi. Kiunoni, au yamekwisha kuumeza msalaba.

"Mama Raheli," alisema Melkizedek, "nikikupa wewe, kesho watakuja ishirini. Watapanda kufyeka makaburi, watashuka na mikungu ya ndizi, keshokutwa wamejenga vibanda hukohuko. Shamba la kijiji atalima nani?"

"Mimi mzee, mwanangu. Nitajenga nini?"

"Hapa mimi si mwanao. Hapa mimi ni mwenyekiti."

Yudith akarudi nyumbani kwa miguu kando ya reli, akipita nyumba zilizopangwa mistari kama mihogo, ambazo mpaka leo hakuzijua vizuri ni za nani.

Uchaguzi wa mwenyekiti ulikuwa umekaribia. Aliyejitokeza kushindana na Melkizedek ni Damiano, fundi seremala, ambaye alisema waziwazi shambani, mbele ya watu walioshika majembe, kwamba yeye akichaguliwa kila familia itapewa ruhusa ya kwenda kwenye makaburi yake. Yudith aliyasikia maneno hayo akiwa amempa mgongo. Damiano alikuwa mume wa Raheli, binti yake wa pekee. Kwa miaka sita ya ndoa ile hakuwahi kumtazama usoni. Akisikia kikohozi chake njiani, huacha njia akaingia majanini, akageukia upande wa pili mpaka apite. Salamu zao hupita kwa Raheli. Mama anayekutana uso kwa uso na mkwewe amemvua nguo binti yake mbele za watu. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyomlea Raheli.

Lakini kura haikumtia hofu. Uchaguzi wa kwanza walipiga kwa punje. Kila mtu alipewa punje moja ya hindi, akaingia peke yake darasani, akaitumbukiza katika debe moja kati ya mawili. Yudith alijua atakavyofanya. Alijua hata debe litakavyolia.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe akaja katibu kata, watu wakakusanywa. Akaeleza kwamba mara iliyopita punje zilizidi idadi ya watu kwa kumi na tisa, na kwamba siri ndiyo iliyoleta wizi ule. Nani aliiba, hakusema. Sasa kila mtu atasimama nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe, wahesabiwe. Aliuliza nani anakubali, akiwa na kalamu mkononi. Mikono ikainuka.

"Punje wale wao, tuanikwe sisi," alinong'ona jirani yake, Joha, mwenyeji wa bondeni asiyeogopa mtu. Watu wakacheka chinichini. Yudith alitaka kusimama aseme, lakini Damiano alikuwa hatua saba kutoka pale, naye hakuweza kupaza sauti mahali ambapo mkwewe angeisikia.

Akamtuma Raheli. Raheli akamwambia mumewe, mumewe akaenda kumwomba katibu kata awaruhusu wakwe wapige kura kwa njia nyingine. Jibu lilirudi kwa njia ileile: hakuna kura ya mtu maalumu, na mila ni moja ya vitu vilivyoachwa mlimani.

"Simama tu, mama," Raheli alisema. "Kaa mwisho kabisa. Jifunike. Yeye atatazama mbele, hatageuka."

"Na watu?"

"Watasema watachoka."

"Utakayesemwa ni wewe."

Raheli akasema, "Baba naye anangoja."

Siku ya kura, kwenye uwanja wa shule, Yudith alijifunika kanga mpaka machoni, akashika mkia wa mstari wa Damiano. Nyuma yake wakaja wadogo zake wawili, nao pia wakwe. Mbele, mbali, aliona kisogo cha Damiano na shati lake jeupe. Akajisemea kwamba anaweza. Mstari ulikuwa umetulia.

Katibu kata akatoka kivulini na daftari. Akatoa amri: "Wagombea wageuke. Kila mmoja awaone watu wake."

Damiano alisita. Kisha akageuka.

Miguu ya Yudith haikumngoja. Ilitoka mstarini kama inavyotoka njiani, hatua tano, sita, akampa mkwewe mgongo. Wadogo zake wakamfuata. Waliposimama, watatu wamejifunika, walikuwa karibu na mstari wa pili.

"Hawa mama wamehama," alisema katibu kata. "Waandike kwa Melkizedek."

"Sijahama," alisema Yudith. Alisema ndani ya kanga. Mtu mmoja akacheka, karani akaandika.

Damiano alishindwa kwa kura nne.

Jioni ile Melkizedek alichinja mbuzi. Mgambo alipita nyumba kwa nyumba, akafika kwa Yudith na nyama iliyofungwa jani la mgomba, akasema mwenyekiti anamshukuru kwa kumwunga mkono. Yudith akauliza habari ya kibali. Mgambo akasema hilo hakutumwa.

Raheli alipita na ndoo ya maji kichwani. Akaona jani, akaona kilichomo, akaendelea na safari yake bila kusalimu.

Yudith hakuila nyama wala hakuitupa. Alikaa nayo mlangoni, akiwafukuza inzi kwa kiganja, mmoja mmoja, mpaka wakawa wengi.