Siti ya Asajile

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Kitulo, kwenye geti la hifadhi, nimeshika baiskeli yetu, na ndege tandawala, mwenye shingo ndefu, aliyevaa sweta la mhifadhi ananiuliza tuko wangapi.

"Wawili," nikasema.

Sikukusudia kudanganya. Kwa miaka mingi mimi na mume wangu Asajile tulikuwa tukipanda mlima huko kila Desemba, maua yanapochanua, na mdomo wangu ulijibu kwa mazoea kabla sijaukataza. Asajile alishafariki. Tandawala alitazama nyuma yangu, hakuona mtu, akanyanyua kizuizi kwa shingo yake na kusema tupite. Nikapita, ingawa aibu ilinishika.

Baiskeli ilianza kunisema kwenye kona ya kwanza. Inazungumza kwa kengele, kwa sauti ya shangazi aliyechoshwa na wageni. Inalalamika kwamba naikokota kama mbuzi wa mnadani. Naieleza kuwa mlimani tulikuwa tunaikokota hivi hivi, Asajile upande ule na mimi upande huu, na kwenye mteremko yeye anaendesha, mimi nakaa kwenye keria nimemkumbatia kiuno. Inasema hayo yote inayakumbuka, na uzito wangu pia inaukumbuka.

Ugomvi wa kweli katika ndoa yetu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa siti. Asajile alikuwa mrefu mpaka kanisani waliokaa nyuma yake walikuwa wanahama. Akiendesha yeye, anaipandisha. Nikienda sokoni mimi, naishusha. Anayeichukua baada ya mwenzake anatafuta spana huku ananung'unika, na mwenzake anacheka dirishani. Mara ya mwisho kabla hajalazwa niliiendesha mimi, basi siti ikabaki chini, na nati ikashika kutu. Fundi Ambilikile aliipiga nyundo mpaka jasho likamtoka, haikusogea. Wiki iliyopita nikamwambia aje leo aichukue tu, akaifungue atoe spea.

Naiambia baiskeli habari hiyo kwa upole. Inajibu kuwa ilishasikia, kuta za stoo si nene.

Kando ya njia kuna bango. Linakohoa, kisha linasoma maandishi yake lenyewe: usitoke nje ya njia. Nasema sitatoka. Njia inapanda katikati ya maua ya njano, halafu inaingia sebuleni kwetu. Napitisha baiskeli mbele ya kochi, nasema samahani, ingawa hakuna mtu. Birika linachemka, na jikoni kumejaa ukungu wa Kitulo. Mlango wa nyuma unatokea kwenye korido ya wodi ya wanaume, ambako pundamilia wawili wamekaa kwenye benchi wakisubiri muda wa kuona wagonjwa. Tunasalimiana. Korido inaisha, na tuko kileleni.

Asajile amesimama kwenye majani, hatua mbili tu kutoka njiani. Anachomekea mguu wa suruali ndani ya soksi ili usiliwe na cheni, kama alivyofanya siku zote.

"Mama Tuse," ananiita kwa jina la binti yetu, "umeishusha tena."

Nataka kumkimbilia. Bango linakohoa. Nabaki njiani nimeshika usukani, machozi yananitoka, namwambia nimemkumbuka sana na nyumba imekuwa kubwa mno. Anasema anajua. Anauliza kama paa la stoo bado linavuja. Namwambia linavuja.

Kutoka chini tunasikia tandawala akitangaza kwamba walioingia pamoja watoke pamoja, na hifadhi haifungwi mpaka watu wote watoke. Jua limefika ukingoni mwa mlima na limezuiliwa hapo. Maua yamechoka kusimama. Pundamilia wametoka wodini na wanatazama saa.

"Niliwaambia tuko wawili," namwambia. "Twende."

"Mimi sitoki huku," anasema. "Isogeze baiskeli."

Naisogeza mpaka ukingoni. Miguu yake haikanyagi njia, yangu haikanyagi majani. Bango linachungulia, kisha linayasoma upya maandishi yake. Asajile ananyoosha ule mkono wake mrefu, ameshika spana, anazungusha nati mara moja tu na inalegea kama kifuniko cha asali. Anaipandisha siti mpaka kimo chake. Anaikaza.

"Kaa kwenye keria," anasema. "Baiskeli inaijua njia."

Nakaa. Baiskeli inateremka. Mikono yangu imekumbatia kiuno kisichoonekana, na shavu langu linapata joto la sweta. Hatusemi neno, maana kwenye mteremko hatukuwa na kawaida ya kuongea. Maua yanapita huku na huku, na mimi nina furaha kabisa.

Getini tandawala anapima urefu wa siti kwa shingo yake, kisha anapima miguu yangu inayoning'inia.

"Mrefu mmoja, mfupi mmoja," anasema. "Wamefika wawili. Piteni."

Jua linaruhusiwa kuzama, nalo linashuka haraka kama mtu aliyebanwa. Nikaamka.

Sijamaliza kumimina chai, Ambilikile akabisha hodi, ameleta kamba ya kufungia baiskeli. Nikamfungulia stoo. Aliinama, akabaki ameinama. Siti ilikuwa juu, imepanda shubiri nzima, na kwenye ile nati aliyoshindwa nayo kulikuwa na unga wa njano wa maua, bado una umande.

"Mama, nani kaipandisha hii?"

"Mume wangu."

Ambilikile alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alivua kofia, akaigusa siti kwa kidole, akakitazama kile kidole.

"Marehemu alikuwa na mkono mrefu," akasema. Akakunja kamba yake taratibu, akaaga.

Siwezi tena kuiendesha, miguu yangu haifiki kwenye pedali. Nikaiegemeza ukutani, nikakaa kwenye keria, mahali pangu, mpaka chai ikapoa.