Giza la Mianya Miwili

Veronika alikuwa na dakika arobaini tu: awe mwalimu, ama arudie mwaka mzima wa mafunzo. Nyuma ya darasa, kwenye dawati lililombana magoti, alikaa Mkufunzi Magige wa chuoni kwao, fomu ya tathmini mkononi. Na mada, kwa balaa lake, ilikuwa ile aliyoikariri tangu kidato cha sita bila kuielewa: tofauti ya mpindo na mwingiliano wa mwanga.

Lakini mtoto wa Kenyamonta, kijiji cha wafugaji, hakosi mfano.

"Mwanga ni kama ng'ombe," alisema. "Wakitoka kwenye lango jembamba la boma, wanatawanyika. Huo ni mpindo. Makundi mawili yakikutana mtoni, huo ni mwingiliano. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Akafunika madirisha kwa vitenge vya mama yake, akamulika leza kwenye kipande cha kioo alichokipaka masizi na kukichora kwa wembe mianya miwili myembamba. Ukutani likatokea doa pana jekundu, limekatwakatwa na mistari ya giza.

Boke wa dawati la mbele, msichana asiyejua kumeza swali, akanyoosha mkono. "Mwalimu, makundi mawili yakikutana, si ng'ombe wanaongezeka? Sasa hapo penye giza wameenda wapi?"

"Wameibiwa!" mvulana mmoja akadakia. Darasa zima likaangua kicheko.

Veronika alitamani ardhi ipasuke. Kalamu ya Magige ilikuwa inaandika, tena inaandika sana. Angeweza kumkaripia Boke. Walimu wangapi wamejiokoa hivyo! Ila swali lilikuwa la haki.

"Sijui," alisema. "Tuzibe mwanya mmoja tuone."

Akasogeza wembe taratibu. Mistari ikatoweka. Doa likabaki, pana vilevile ingawa limefifia, na pale palipokuwa na giza pakawaka.

"Ee! Umeziba mwanga, na mwanga umekuja!" Boke alipiga kelele.

Veronika akacheka peke yake. Kumbe mwanya mmoja unatosha kuutanua mwanga, na huo ndio mpindo. Mistari inataka mianya miwili, kwa kuwa mwanga ni mawimbi: kilele cha wimbi kikikuta kilele, mwanga unazidi, kikikuta bonde, vinafutana. Huo ndio mwingiliano.

"Nimewadanganya," aliwaambia, na furaha ilimjaa hata akasahau aibu. "Ng'ombe hawafutani. Mawimbi yanafutana. Futeni, tuandike upya." Akaeleza mpaka kengele, daftari lake likiwa limefungwa.

Wanafunzi walipotoka, Magige alikuja mbele polepole.

"Mfano ule wa ng'ombe," alisema, "nimeufundisha miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Magige akaandika "amefaulu", akasaini, kisha akavua miwani na kuinama karibu na ukuta.

"Hebu ziba tena, mwalimu."