Herufi ya Ubavuni mwa Tairi

Kulthum alikuwepo siku mumewe aliponunua yale matairi. Ilikuwa Ruiru, dukani kwa Gathogo. Zuhair aliinama, akagusa herufi iliyochapwa ubavuni.

"Ya zamani yalikuwa na H. Hii ni J. Si ni ya kasi ndogo?"

Gathogo akacheka. "Boss, saizi ni ile ile. Hiyo herufi ni mambo ya kiwanda. Wewe endesha tu."

Zuhair hakuwa mtu wa kubishana. Mwezi haukuisha. Alasiri moja ya jua kali, akitoka Nairobi kurudi nyumbani Ngoingwa, tairi la mbele lilipasuka karibu na Juja, gari likabingirika hadi mtaroni. Walimzika kesho yake.

Polisi walisema ni mwendo wa kasi. Kulthum alikwenda mwenyewe kwenye ua wa kituo, akapiga magoti kando ya mabaki ya gari, akaisoma tena ile J. Kufikia hapo alikuwa ameshaulizia kila mahali, akajua maana yake: tairi hilo halifai kupita kilomita mia moja kwa saa. Ukilizidishia mwendo kwa muda mrefu linapata moto, mpira unaachana na nyuzi zake. Lenye H lingevumilia hadi mia mbili na kumi.

Alimpigia Gathogo simu, akamweleza yote.

"Pole, mama," Gathogo akasema. "Lakini labda bwana yako alikuwa amelewa." Akakata.

Zuhair, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Tangu siku ile Kulthum aliacha kulia. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Alikwenda Kamenu kwa Firdaus, dada wa marehemu. "Wifi, nataka gari lako. Nataka nimpandishe yule mtu, nimpeleke barabarani."

"Ukufe naye? Na watoto nani atawalea?"

"Sitakufa. Nitakuwa juu ya matairi mazuri. Yeye ndiye hatajua."

Firdaus akachukua funguo mezani.

Firdaus ndiye aliyeanza. Aliendesha hadi Ruiru, akaagiza matairi manne, na Gathogo akamfungia yenye J bila hata kumuuliza gari linataka nini. Jioni ile ile fundi wa Thika aliyatoa yote, akaweka ya H, kama kitabu cha gari kilivyoelekeza. Wiki iliyofuata wanawake hao wawili wakarudi dukani, Kulthum akiwa kwenye usukani.

"Gari linatetemeka tangu uweke tairi," alimwambia Gathogo. "Panda usikie mwenyewe."

Gathogo alimtazama usoni na hakumkumbuka. Kulthum aliona hivyo, na moyo wake ukazidi kuwa mgumu. Mwanamume yule alipanda mbele, akafunga mkanda, hakuinama kutazama hata tairi moja. Firdaus alikaa nyuma, simu yake ikirekodi.

Wakaingia Thika Road. Themanini. Tisini.

"Sisikii kitu, mama. Iko sawa."

"Ngoja kidogo."

Mia. Mkono wa Gathogo ukashika mlango.

"Hapo imetosha. Punguza."

"Kwa nini? Barabara hii inaruhusu mia na kumi." Kulthum akakanyaga mafuta. Sindano ikafika mia na kumi, ikakaa pale, dakika baada ya dakika. Jasho lilimtiririka Gathogo kutoka kipajini.

"Mama, punguza! Nakuomba!"

"Si herufi ni mambo ya kiwanda tu?"

"Zitapasuka! Ni za mia moja hizo! Sio za gari kama hii!"

"Ulijua?"

"Nilijua! Ngai, nilijua! Simamisha gari!"

"Na Zuhair alipokuuliza, ulijua? Yule aliyekufa hapa Juja, ukasema alikuwa amelewa?"

Hapo ndipo Gathogo alipogeuka akamtambua. Alianza kulia kwa sauti. Kulthum hakupunguza mwendo mpaka alipokiri waziwazi, kwa jina la marehemu. Kisha akaegesha kando. Gathogo alitambaa nje, suruali imelowa, akatapika kwenye nyasi.

"Sasa tazama matairi," Kulthum akasema.

Aliyatazama. Akaona H.

"We mwanamke ni mwendawazimu!"

Kulthum aliondoa gari, akamwacha pale juani.

Rekodi ile ilienea kwenye makundi ya madereva kutoka Githurai hadi Thika. Asubuhi wakaanza kufika, mmoja mmoja, kisha makundi, wakifungua matairi yao na kuyabingirisha hadi mlangoni kwa Gathogo, wakimtukana. Mwenye jengo, mzee Manubhai, alimwamuru ahame. Polisi wakafungua faili waliyokuwa wamekataa kuifungua, wakamtia Gathogo mbaroni, kisha wakamwachilia kwa dhamana.

Siku ya kuhama, Kulthum alisimama ng'ambo ya barabara akila mahindi ya kuchoma. Gathogo alikuwa akipakia vitu vyake kwenye pikapu. Alipomwona, aliunganisha viganja kama anayeomba. Kulthum aliendelea kutafuna, punje kwa punje, akimwangalia.

"Wifi," Firdaus, aliyesimama kando yake, akamwuliza kwa upole, "sasa umeridhika?"

"Bado. Kesho anapelekwa kortini. Nataka kiti cha mbele."