Wali Ndani ya Chungu

Rukaiyah ndiye aliyewaimbia wenzake wa kikundi mpaka wakaota: ndani ya chungu cha kukenekea hakiingii kitu ila majani makavu ya nilamu, mmea wa mafuta ya manukato, na maji safi. Alihudhuria semina mjini Banda Aceh, akarudi na shingo ndefu. Aliyekula karibu na chungu alifukuzwa kama kuku.

Kisha kikundi kikapewa chungu kipya, kikubwa, cha chuma cheupe kisichoshika kutu. Mnunuzi kutoka mji wa Medan angekuja kunusa mafuta ya kwanza. Akiyapenda, wangemuuzia yeye, wasiende tena kwa mlanguzi aliyewapangia bei tangu enzi za baba zao.

Rukaiyah akaogopa. Pikipiki mpya hubarikiwa, bibi harusi hubarikiwa, sembuse chungu? Asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akakinyunyizia maji ya unga kwa kishada cha majani, akakibandika ubavuni wali wa kunata wa manjano, kama ilivyo desturi ya kubariki. Wa nje ungemtosha mtu yeyote mwenye akili. Yeye akatia na wa ndani.

Mafuta ya kwanza yalipotoka, mnunuzi, Bwana Fadhlan, akayanusa. Akanusa tena.

"Nilamu nzuri," alisema. "Lakini mbona kama kuna wali ulioungua?"

Wote wakamgeukia Rukaiyah, maana uso wake ulikuwa umeshakiri.

"Dada, ile semina ilisemaje vile?" akauliza Saifannur, jirani yake.

"Kisiingie kitu."

"Na wali?"

"Wali si kitu. Ni baraka."

"Basi baraka imeshika chini, Dada."

Hata Bwana Fadhlan alicheka. Akasema atakunywa kahawa mpaka alasiri; wasugue chungu, wakeneke magunia ya majani yaliyobaki. Mafuta yakinuka kama jikoni tena, anaondoka.

Rukaiyah akasugua mwenyewe, kichwa na mabega ndani, miguu ikining'inia nje. Wapita njia waliiamkia miguu hiyo kwa heshima zote, naye akaitikia kutoka ndani kwa sauti ya jini la chupa. Mwalimu wa usafi, akajiambia, leo umefundisha kwa vitendo.

Alasiri Bwana Fadhlan akanusa, akafumba macho, akaagiza madumu yote.

"Haya, Dada," Saifannur akasema, "sasa utuombe radhi. Ulitutoa jasho."

Rukaiyah akachomoa punje ya wali nyweleni, akaitazama, akaila.

"Mafuta yaliyokubaliwa yametoka kwenye chungu kilichobarikiwa. Siombi."