Bibi Avisha Nishani

Mfalme alipoondolewa, serikali mpya ilibadilisha bendera, noti na majina ya barabara. Nishani ya Utumishi iliachwa ilivyo, kwa sababu mfalme alikuwa akiwapa watu wa kazi: wakunga, wajenzi wa madaraja, watu wa zimamoto. Sharti lake nalo lilibaki. Nishani huvishwa na mtu aliye nayo tayari, kama mfalme alivyokuwa nayo, kwa mkono wake mwenyewe. Kisha serikali ikasahau kuitoa. Wenye nishani wakafariki mmoja mmoja, akabaki bibi yangu, mkunga mstaafu, ambaye kiharusi kimempoozesha mkono na mguu wa kulia.

Afisa wa itifaki alikuja nyumbani amebeba mkoba na huruma.

"Bibi, tumempata fundi wa pampu aliyeokoa watu kwenye mafuriko. Lakini kwa hali yako, tumeona tuisitishe nishani hii kwa heshima. Waziri atampa cheti."

"Cheti?" Maneno ya Bibi siku hizi hutoka polepole, ila hayapotei njia. "Mimi nina mikono mingapi?"

"Miwili, Bibi, lakini..."

"Basi nenda kapange viti."

Alipotoka, Bibi akanigeukia. "Huyo afisa nilimpokea mimi alipozaliwa. Alitanguliza matako, na mpaka leo ndivyo anavyofanya kazi."

Tulianza mazoezi jioni hiyohiyo. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu, kama yeye alivyopiga magoti mbele ya mfalme, naye akahangaika na pini kwa mkono wa kushoto. Alinichoma begani, akanichoma shingoni. Gauni langu la mahafali likawa kama chujio. Nikimwambia tupumzike, alinijibu kama alivyokuwa akiwajibu wazazi wodini: "Bado kidogo, mwanangu. Usikate tamaa sasa." Baada ya wiki kadhaa pini ikaingia, ikafunga.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Fundi wa pampu alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na mikono ya suti yake ya kuazima iliishia mbali na viganja. Alipofika mbele ya Bibi akaanza kukunja goti.

Afisa akaruka. "Hapana! Hakuna kupiga magoti. Ndilo jambo pekee jamhuri ililolibadilisha kwenye nishani hii. Raia husimama wima."

Mimi na Bibi tukatazamana. Hatukuwa tumeuliza. Wiki zote hizo tulikuwa tukifanya mazoezi ya kifalme, na sasa kifua cha fundi kilikuwa huko juu, hakifikiki.

"Mleteeni ngazi!" mtu alisema nyuma, watu wakacheka. Afisa akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha nishani ampe waziri.

"Rudisha hiyo," Bibi alisema. Akaegemea mkono wa kushoto, akajikaza, akainuka nusu, akarudi kitini kwa kishindo.

Mimi ni mtu wa viti vya nyuma. Chuoni nilikuwa namwomba rafiki yangu aniulizie maswali darasani. Nilipanda jukwaani.

"Dada, haruhusiwi kusaidiwa," afisa alisema.

"Mkono hautasaidiwa," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, ila ilitoka. "Mimi nashika kiuno."

Waziri akamtazama afisa. Afisa akaiweka nishani kwenye mkono wa kushoto wa Bibi.

Nikamkumbatia Bibi kwa nyuma, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo liliniuma, lakini mguu wake mzima ulikanyaga sakafu kwa nguvu zote. Pini ikateleza. Fundi akafumba macho.

"Nimekuchoma?"

"Hapana, Mama."

"Mwongo. Tulia."

Ikaingia. Ikafunga. Watu wakasimama kwa makofi na vigelegele, lakini Bibi alikataa kuketi. Alimshika fundi kola, akamvuta karibu.

"Sikiliza. Sasa tuko wawili, na mimi sina siku nyingi. Kesho anza kumtafuta wa tatu."

"Kesho niko zamu, Mama."

"Basi mtafute hukohuko zamuni."