Pipa la Mbele ya Mlango wa Rosette

Nijimbere aliingiza mkono katika pipa la kijani akatoa sachet, mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Akaufungua. Ndani mlikuwa na maganda ya viazi, mabua ya mchicha wa lenga-lenga, betri za redio na kipande cha ndala. Akatoa wa pili. Nao ulikuwa vilevile.

"Dada Divine," alisema, "mi sikatai kazi. Lakini nikitia hii mu shimo, mwaka kesho nitavuna sachet."

Divine aliongoza huduma ya usafi ya commune ya mji wa Baraka, na mpango wa mapipa ulikuwa wake. La kijani lilikuwa la vitu vinavyooza, jekundu la plastiki na chuma. Vinavyooza vingepelekwa kwenye kiwanja nyuma ya soko, ambako Nijimbere, mkulima aliyetoka Burundi na kukaa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, alikubali kuvigeuza mbolea. Kabla ya hapo Baraka ilimwaga uchafu ufukoni. Mvua iliusukuma ziwani, na wavuvi walivuta nyavu zenye sachet nyingi kuliko ndagala.

Bourgmestre Isidore, mkuu wa commune, alisimamisha pikipiki yake akaitazama ile mifuko.

"Mama Divine, Jumamosi kisha salongo ya kusafisha avenue nitakuja kuona. Kama iko mukokoteni moja ya uchafu muzuri, kiwanja ni yenu. Kama hapana, Jumatatu nakipatia bale bauzaji ba pombe, bajenge depot ya bière. Banangoja tangu Pasaka."

"Jumamosi utaiona, bwana bourgmestre."

Alisema hivyo bila kujua ataipata wapi. Kiwanja kikienda, mpango umekufa, na uchafu utarudi ufukoni.

Alipita nyumba kwa nyumba kwenye avenue yake. Kila mtu alimwitikia vizuri. "Ndiyo mama, tumesikia." Asubuhi iliyofuata pipa lilijaa mafundo tena. Divine hakugombana na mtu. Uvivu haufungi mafundo mawili, alifikiri. Kuna kitu hawa watu wanakificha.

Mchana alimkuta jirani yake Solange anatwanga sombe. Akaketi, akaanza kumchambulia majani ya muhogo.

"Solange, nisaidie. Munafunga sachet sababu gani?"

Solange akaendelea kutwanga. "Ile pipa muliiweka wapi?"

"Katikati ya avenue. Ili kila mutu amuchunge mwenzake."

"Mbele ya mulango ya Rosette! Ule mama anachungulia mu pipa sawa daktari. Juzi kwenye bomba alisema mbele ya batu: 'Kwa ba Solange, wiki muzima lenga-lenga, hata mwiba moja ya samaki hapana.' Na batu bote banajua bwana yangu ako Misisi, mu machimbo ya zahabu." Akashusha sauti. "Tangu alienda, hajatuma hata sabuni. Sasa nafunga. Na juu ya sachet natia mifupa ya mikebuka, samaki ya batajiri."

"Unapata wapi mikebuka?"

"Mifupa, nimesema. Naokota kwa malewa ya Norbert, pale anapikia batu chakula."

Divine alitaka kucheka, akajizuia. Kuliweka pipa pale lilikuwa wazo lake mwenyewe, na ofisini kila mtu alilisifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba jalala linasema kile ambacho nyumba imekinyamazia.

"Kesho njoo kwa salongo," alisema akisimama. "Beba sachet yako."

"Nifungue mbele ya Rosette? Afazali nihamie Lulimba."

"Mi nitafungua wa kwanza."

Jumamosi watu walitoka na mafagio na majembe. Walipomaliza kuzibua mfereji, Divine alileta beseni lake bila kifuniko, akasimama mbele ya mkokoteni wa Nijimbere na kulimwaga polepole. Lenga-lenga. Maganda ya muhogo. Lenga-lenga tena.

Rosette alipiga makofi kwa mshangao mlangoni kwake. "Eh! Kumbe hata bakubwa ba bureau banakula lenga-lenga!"

"Wiki muzima, Mama Rosette. Na jana ilikuwa chai bila sukari. Andika."

Avenue nzima ilicheka. Kicheko kilipotulia, Solange alikuwa amekwisha kufungua fundo la kwanza. Akafungua na la pili. Kisha akaichukua mifupa aliyoiweka juu ya mfuko, akaiinua hewani.

"Hii si yangu. Ni ya malewa ya Papa Norbert."

"Ndiyo maana paka yangu inakonda!" alipaza sauti Norbert. "Kumbe we ndiye unakula naye!"

Safari hii Solange alicheka pamoja nao, huku machozi yakimtoka, na akamwaga yote mkokotenini. Mama mwingine akasogea, kisha mwingine. Betri na plastiki ziliingia pipa jekundu. Mwishoni Rosette alipotea ndani, akatoka na mfuko wake umefunguliwa, akitazama upande. Divine aligeuka na kujishughulisha na gurudumu la mkokoteni mpaka Rosette alipomaliza kumwaga.

Bourgmestre alipofika, Nijimbere alizamisha mkono mkokotenini hadi kwenye kiwiko, akautoa na maganda tu.

"Ni muzuri," Isidore alisema. "Na Jumamosi ingine?"

"Njoo uone tena," Divine alijibu.

Isidore akaitikia kwa kichwa, akatazama upande wa soko. "Basi bale ba bière batatafuta kiwanja ingine."

Divine hakungoja pikipiki iondoke. Alililaza pipa la kijani, akaanza kulisukuma kwenda nyuma ya ukuta wa kanisa, mahali pasipo mlango wa mtu. Solange akashika upande wa pili.

"We Divine!" Rosette alipiga kelele. "Sasa munaniondolea televizyo yangu?"

"Ndiyo, mama," alijibu Divine, na wakaendelea kusukuma.